Kabla ya kuchimba msingi wa kituo cha mazingira

Vikundi vingi vya mazingira hapa pwani ya Kenya vina ndoto moja: kuwa na kituo. Ukikaa na wanachama, uwe Kwale au Kilifi, muda si mrefu utaelezwa habari za ukumbi, chumba cha maonyesho, ofisi ya mwenyekiti na bango la mfadhili langoni. Naiunga mkono ndoto hiyo kwa moyo wote. Hoja yangu ni kuhusu kinachopaswa kutangulia.

Nendeni Mida, karibu na Watamu. Kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, ukingoni mwa matope. Somo huanza ukishakanyaga ubao wa kwanza. Mtembezaji anayeijua kazi yake husimama penye mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, akachuma jani na kumwambia mtoto alilambe. Mtoto anakunja uso: chumvi! Hapo ndipo anapoelezwa kwamba mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Hatua chache mbele anaonyeshwa mkandaa, mkoko wa aina nyingine, mbegu yake imeshaota ingali mtini, imerefuka kama penseli, inasubiri kudondoka na kujichomeka matopeni. Mtoto ambaye nyumba yao imejengwa kwa boriti na fito za mikoko atarudi nyumbani na maswali, na hayo maswali yatamfikia baba.

Daraja hilo lina kazi nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango wa ASSETS, ambapo ada za wageni huchangia basari za watoto wa shule za upili kutoka familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, yaani mkono wa bahari wenye mikoko hiyo. Wazazi nao huhimizwa kupanda miti yao ili wasitegemee kuni za msituni. Mama aliyelipiwa karo ya mwanawe hahitaji semina ya siku tatu hotelini kuelezwa thamani ya mikoko. Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, ulikuwa umetangulia kupita njia hiyohiyo: wakulima wanafuga viwavi wa vipepeo, viwavi wakishajifunga kuwa pupa huuzwa ng'ambo, na kwa kuwa vipepeo wa kuanzia ufugaji hutoka msituni, mkulima ana sababu yake mwenyewe ya kutotaka msitu ufyekwe.

Wapo watakaosema basari si elimu ya mazingira. Mimi nasema ndiyo inayofanya elimu hiyo isikilizwe. Huwezi kumwambia mtu aache kuchoma makaa, kisha ukaondoka na gari lako.

Halafu kuna suala la kinachofundishwa. Kuta za shule zetu zina picha za simba na twiga, wanyama ambao hawamo Sokoke. Sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye karibu dunia nzima humjua kwa sababu ya msitu huu, hayumo. Bundi wa Sokoke, kadege kasikozidi urefu wa shibiri moja, hayumo pia. Na bundi ana taabu zaidi, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni nuksi; akilia juu ya paa, anatafutiwa jiwe. Wako vijana wa vijijini humo, watembezaji wa msituni, wanaojua kichaka anacholala mchana na wanaoweza kukusogeza mpaka umwone amefumba macho. Mtoto akionyeshwa bundi na kijana wa kijijini kwao, anayezungumza Kigiriama kama yeye, ile hofu inapata mshindani wa kweli. Picha ya ukutani haiwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo, pesa za kwanza zikiingia, mwajirini kijana huyo kwa mshahara wa kila mwezi, si posho ya siku mgeni rasmi anapokuja. Za pili ziwe nauli, maana shule zilizo upande wa bara wa msitu ndizo zinazopakana na wakata miti, na ndizo zilizo mbali na daraja. Za tatu zinunue darubini za kutosha ili watoto wasigombanie moja, na kulipia chati za miti na ndege zenye majina ya Kiswahili na Kigiriama, zilizoandikwa kwa kuwauliza wazee wa hapo.

Kisha choo na tangi la maji ya mvua, kwa sababu hakuna mwalimu atakayeleta darasa zima mahali pasipo na choo. Ukumbi mtaujenga baadaye, na mkiwauliza walimu ambao watakuwa wamekwisha kuja na watoto, watawaambia wenyewe uwe na ukubwa gani na ukae wapi.