Kinga ya mbu inamfaa mbu, haitufai sisi

Hapa Zanzibar, tunapomtaja mbu anayeeneza dengi au chikungunya, aghalabu tunamtaja kana kwamba ni chombo tu cha kubebea virusi, kisichoathirika wala kupambana. Sivyo, na naona kutolijua jambo hili kunatufanya tuzipime vibaya njia za kumdhibiti.

Mdudu hana kingamwili kama zetu, lakini hakuachwa mikono mitupu. Virusi vya dengi vinapozaliana ndani ya seli za utumbo wa mbu, hupitia hatua ambayo nyuzi mbili za RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya urithi ya virusi hivyo) hushikana, na hiyo ndiyo alama inayovifichua. Kimeng'enya kiitwacho Dicer-2 hukata nyuzi hizo vipande vifupi vya herufi 21 hivi, kisha protini ya Argonaute-2 huchukua kipande kimoja na kukitumia kuisaka RNA yoyote ya virusi inayooana nacho, ikaikata. Ni askari aliyepewa picha ya mwizi, na picha yenyewe imetoka mfukoni mwa mwizi. Andrew Fire na Craig Mello ndio walioeleza mwaka 1998 msingi wa njia hii, wakichunguza minyoo: jinsi RNA ya nyuzi mbili inavyonyamazisha jeni, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Linalonishughulisha zaidi ni hili: kinga hiyo haimalizi kazi. Watafiti walipoviongezea virusi vya Sindbis, ambavyo pia huenezwa na mbu, protini ya B2, ambayo huizuia kinga hiyo, mbu walioambukizwa walikufa kwa wingi. Maana yake ni kwamba katika hali ya kawaida kinga huvipunguza virusi kiasi cha kumwacha mbu hai, lakini haivifuti, navyo husambaa mwilini hadi kwenye tezi za mate kwa muda wa siku 8 hadi 12, na tangu hapo mbu huyo anaweza kuambukiza mpaka afe.

Neti, iliyotufaa sana katika malaria, hapa husaidia kidogo tu, kwa kuwa Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi na chikungunya, huuma mchana; na kifuu kimoja cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko, kikashika maji ya vuli, kinatosha kulea viluwiluwi vyake. Kufukia vifuu ni lazima (na hakuhitaji mfadhili), lakini peke yake hakutoshi.

Ndiyo maana naunga mkono tuanze kuijadili Wolbachia, bakteria ambaye mbu jike huwarithisha watoto wake kupitia mayai, na ambaye akiwemo mwilini, virusi vya dengi huzaliana kwa shida. Katika jaribio la Yogyakarta, Indonesia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, wagonjwa wa dengi walipungua kwa asilimia 77 katika maeneo yaliyoachiwa mbu wa aina hiyo.

Wanaoogopa kuachiwa wadudu wakumbuke kwamba Unguja ilimaliza mbung'o kwa madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege, hadi kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997. Tofauti ipo, nayo isifichwe: mbung'o wale hawakuwa na uwezo wa kuacha kizazi, ilhali mbu wa Wolbachia huachiwa wazaane na kudumu, na majike yao huuma kama wengine. Masheha na wakaazi waelezwe hilo kabla ya yai la kwanza kuletwa, si baada ya watu kuanza kujikuna.