Homa ya ini B: tuchanje wakubwa ama tuanze na mtoto anayezaliwa?

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtu akivimba tumbo na macho yakawa manjano, sokoni watasema mawili tu, amelishwa sumu ama waragi, ile pombe kali, imemmaliza. Homa ya ini B, ugonjwa wa kirusi kinachoshambulia ini, wachache wanaitaja, ndiyo maana serikali ilipoanza 2015 kupima na kuchanja watu wazima bure, ikianzia kaskazini kwa sababu huku ugonjwa ulikuwa umezidi, mimi nilifurahi sana.

Lakini kuna watu, tena wengine manesi, wanaouliza kama nguvu ilienda pahali pake. Hoja yao ni nzito jamani. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili unafukuza hicho kirusi wenyewe. Mtoto mchanga akikipata kwa mamake wakati wa kuzaliwa ni kinyume kabisa, karibu 90 kati ya 100 wanabaki nacho, kinakaa kimya miaka 20, 30, huku kinaharibu ini mpaka linajaa makovu ama linapata kansa, na akiwa mtu wa kunywa sana au wa kula karanga zenye ukungu ndio anaharakishwa zaidi. Chanjo ya watoto tunayo tangu 2002, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, imesaidia mno, ila kama mama ana kirusi wiki 6 ni mbali, WHO, shirika la afya duniani, tangu 2009 inasema kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Sasa mama aliyejifungulia nyumbani kijijini, nani atamfikia na hiyo sindano?

Wa upande wa wakubwa nao wana lao. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta kama watu wazima 4 kati ya 100 wanacho, na bado kinapita kwa ngono, kwa damu, kwa wembe wa kuazimana. Na msichana aliyepimwa leo ni mama wa kesho, atajijua mapema.

Shida naiona kwenye kueleza. Kuna jirani yetu muuza karanga aliambiwa tu "unayo," akarudi nyumbani akatenga sahani yake na kikombe chake, watoto hawagusi, wakati hiki kirusi hakipiti kwa chakula wala kwa kusalimiana. Hakuna aliyemwambia kwamba si kila mwenye nacho anahitaji dawa, wengine ni kufuatiliwa tu, na kwamba anayehitaji dawa ipo, tenofovir, ile ile wanayotumia wa HIV, basi watu wakiiona mkononi mwako wanakuhukumu.

Mimi pesa zikiwa kidogo nasema dozi ya kuzaliwa kwanza, na kila mjamzito apimwe kliniki kama anavyopimwa HIV na kaswende. Wakubwa wasiachwe, ila mtu akipimwa mkalishe chini hata dakika 10 umweleze.

Juzi rafiki yangu wa boda alinionyesha kadi yake, ameikunja ndani ya pochi pamoja na permiti, mistari mitatu ya dozi, wa kwanza una tarehe na muhuri, miwili mitupu. Yeye anadhani amechanjwa kumbe ya pili ilitakiwa achomwe baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, akaogopa kwamba ataambiwa aanze upya, nikamwambia hapana, ukichelewa unaendelea pale ulipoachia, nenda hata kesho.