Mzazi Aliyevaa Baiskeli

Nyumbani kwetu hakuna anayenituma dukani tena. Mara ya mwisho mke wangu alinituma kiberiti asubuhi, nikarudi adhuhuri nimelowa jasho, uso unang'aa, vilima nimevipanda na kuvishuka, na kiberiti sina. "Baba watoto, ulikwenda kukichonga?" Duka lenyewe liko hatua chache kutoka mlangoni, na hapo ndipo lilipokosea. Nilipolifikia miguu ilikuwa haijapata moto, nikaona nizunguke kidogo kwanza.

Siku nisiponyonga pedali siwi mtu. Naanza kugombana na viti. Mvua ikinyesha naiingiza baiskeli sebuleni, naigeuza kichwa chini, nazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, nasikiliza ile tik-tik-tik mpaka linyamaze, kisha nazungusha tena. Usiku ndiyo balaa. Mke wangu anasema nikipitiwa tu na usingizi miguu inaanza kunyonga, na tukifika penye mlima yeye hujikuta sakafuni. Wataalamu wanasema mwili ukifanya kazi nzito hutoa kemikali ziitwazo endorfini, zinazopunguza maumivu na kumchangamsha mtu. Nilimsomea habari hiyo ajue kwamba ugonjwa wangu una sayansi ndani yake. Akauliza kama hizo endorfini haziwezi kutoka mtu akipiga deki.

Sasa tuje kwa shemeji. Mdogo wake mke wangu ni mtu mwema, ila wema wake ukae mbali na kitu chochote chenye skrubu. Jioni moja alisikia pedali yangu ya kushoto inalia kwi-kwi. "Shemeji, hiyo niachie mimi," akasema, na kabla sijafungua mdomo alikwisha kuchuchumaa na spana mkononi.

Ieleweke kwanza pedali zinafungwaje, maana bila hivyo mtamwonea huruma shemeji. Pedali ya kulia hukazwa kama skrubu nyingine yoyote. Ya kushoto hukazwa kinyume chake. Huo si ukorofi wa watengenezaji. Mguu unapoielemea pedali, ekseli yake, yaani kile chuma chenye meno kama skrubu kinachoingia kwenye tundu la mkono wa pedali, hujiviringisha kidogo kidogo ndani ya tundu hilo, kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa pedali yenyewe, hivyo meno ya kawaida yakifungwa kushoto yatajifungua yenyewe njiani. Wanaotajwa sana kwa ujanja huu ni Orville na Wilbur Wright, wale ndugu walioruka na ndege mwaka 1903, ambao kabla ya hapo walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton, Marekani. Ndiyo maana kwenye ekseli huchongwa herufi, L kwa kushoto na R kwa kulia, ili hata mwenye haraka asikosee.

Shemeji alizipaka grisi herufi hizo. Alizifungua pedali zote mbili, akazisafisha vizuri, hapo simlaumu, kisha akazirudisha: ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Zikagoma. Mtu mwingine angejiuliza zinagomea nini. Yeye alitafuta bomba refu, akalivisha kwenye mpini wa spana, akalala juu yake kwa uzito wake wote. Mikono ya pedali zangu ni ya alumini na ekseli ni za chuma cha pua, na chuma cha pua kikilazimishwa ndani ya alumini hakiombi njia, kinachonga yake. "Hiyo haifunguki mpaka kiama," akasema akijifuta jasho. Na kwa kuwa nguvu zilimbakia, akakaza na springi.

Springi ni za hivi: pedali zangu ni zile za kunasa. Chini ya soli ya kiatu kuna kichuma. Ukikanyaga, kap, mguu na pedali vimekuwa ndugu. Ukitaka kushuka unapeleka kisigino nje, vinaachana. Springi ikikazwa sana, talaka inakuwa ngumu.

Asubuhi yake kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu. Jirani alikuwa anakwenda huko huko kwa gari lake, akatupa nafasi. Mke wangu akapanda. Mimi nilimtazama jirani kwa huruma, kwamba mtu mzima mwenye miguu miwili anajifungia ndani ya bati asubuhi nzuri kama ile, nikarukia baiskeli.

Mwendo ulikuwa mtamu. Kweli mguu wa kushoto ulikuwa unayumbayumba kidogo, lakini mwenye raha hasikilizi vitu vya namna hiyo. Karibu na shule pana mlima mkali, na penye mlima mimi husimama juu ya pedali. Nikasimama.

Krak!

Mguu wa kushoto ukaendelea na safari peke yake. Mimi nikateremka ghafla, si kwenye siti, bali kwenye bomba la juu la fremu. Wanaume wenzangu sina la kuwaeleza. Wengine wawaulize wao. Nilibaki pale nimekumbatia usukani, machozi yananilenga, nikipumua kwa mafungu. Nilipopata nguvu za kutazama chini niitafute pedali barabarani, sikuiona. Ilikuwa kiatuni. Imenasa vilevile, ekseli imechomoza pembeni kama kidole cha sita, na kati ya meno yake, ndani ya grisi ya shemeji, unameremeta unga wa alumini uliokuwa mkono wa pedali yangu.

Nikakaa chini kando ya barabara, nikaikamata kwa mikono miwili, nikapindua kisigino. Ikateleza. Nikaifuta kwa leso, nikapindua tena, ikazunguka kwenye ekseli na kunifinya kidole. Kile kispana kidogo kilichopinda, cha pembe sita, cha kulegezea springi, kilikuwa mezani nyumbani, palepale shemeji alipokiacha.

Najua unachotaka kusema: si ungevua kiatu? Nililifikiria hilo. Ila soksi ya mguu ule ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikwisha kutoka zamani kutazama dunia. Nikapima aibu mbili, ya soksi na ya pedali. Pedali angalau unaweza kusema ni ajali.

Ikabidi nisafiri kwa mtindo wa mwaka 1817. Mwaka huo Mjerumani Karl von Drais alionyesha chombo chake cha magurudumu mawili, mzazi wa baiskeli, na hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mtu alikipanda akasukuma ardhi kwa miguu. Kama wao waliweza, mimi nani? Tofauti ni kwamba miguu yao haikuwa na vyuma. Kila nikisukuma kwa kushoto, ekseli ilikwaruza lami kwa mlio wa kung'oa meno. Bibi mmoja mwenye mkongojo alinipita kwenye ule mlima. Akanipa pole. Baadaye kidogo alisimama kuniangalia, akaona anachelewa, akaendelea.

Ukumbi ulikuwa wa vigae, kimya, mwalimu mkuu anazungumzia umuhimu wa wazazi kuwahi. Nikaingia kwa kunyata. Kulia: tik. Kushoto: ngo! Nikajaribu kutanguliza kisigino. Ngo! Vichwa vyote vikageuka. Viti vilivyobaki wazi, bila shaka umekwisha kubahatisha, vilikuwa mstari wa mbele kabisa. Tik, ngo. Tik, ngo. Mke wangu alikuwa ameliona ua fulani nje ya dirisha, hakutaka kuliacha.

Katikati ya safari ile ndefu mtoto mmoja aliyepakatwa akasema, kwa sauti ile ambayo watoto hawajui kuipunguza: "Mama, yule baba amevaa baiskeli."

Mwalimu mkuu alijitahidi, namshuhudia. Alikunywa maji. Alikohoa. Mwisho akasema, "Karibu, mzazi. Naona wewe umeshuka kwenye baiskeli, ila yenyewe bado haijakushuka." Ukumbi ukaanguka. Binti yangu ndiye aliyekuwa akigawa karatasi za ajenda. Alipofika kwangu akanipa yangu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akiangalia ukutani, akasema, "Karibu sana, mgeni."

Jirani alimpigia simu shemeji, naye akaja mbio na kile kispana. Alipiga goti mbele yangu, mbele ya kadamnasi, akakishika kiatu, akaitikisa ile pedali kulia na kushoto. Haikuachia. Akainua uso, na badala ya pole nikaona fahari.

"Unaona, shemeji? Si nilikwambia nimekaza?"

Fundi wa kweli aliikagua baiskeli mchana huo, akasikitika. Mikono yote miwili imeliwa meno, ya kulia ilikuwa njiani kumfuata mwenzake. Mipya ni ya kuagiza, na itachukua wiki nzima kufika. Nililipokea hilo kwa utulivu, nikasema hakuna shida, mwili nao unahitaji kupumzika. Mke wangu alishangaa, hata akanisifu mbele ya ndugu yake.

Kesho yake asubuhi binti yangu alisimama mlangoni na mkoba wa shule begani, akauliza nani ameipandisha siti ya baiskeli yake mpaka mwisho, na kwa nini matairi yana matope mabichi.