Mjomba mtu nimeumbuka Tukuyu

Binti wa dada yangu yuko la nne, walikuwa na mashindano ya kuchora wanyamapori ya shule za msingi hapa Tukuyu, yale ya kuwafundisha watoto kutunza msitu, yeye akachora kipunji. Mimi nikatoa suti ya harusi, nikachana nywele, nikapanda boda, mvua ikanikuta njiani, Tukuyu hii unaijua, nafika ukumbini nywele zishasimama zenyewe.

Kwa wasiomjua, kipunji ni kima anayepatikana Tanzania tu, huku kwetu Rungwe na Kitulo, na kule Udzungwa. Wanasayansi walimgundua 2003 wakamtangaza 2005, wazee wawindaji wa huku walishamjua kitambo ila nani angewauliza. Kumwona ni shughuli maana anashinda juu ya miti, kwa hiyo watoto walichora kwa maelezo ya mwalimu: uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia, ndevu za mashavuni, nywele za utosini zimesimama wima.

Michoro imebandikwa ukutani, vipunji vya wenzie vingi vimetoka kama paka wa jirani. Cha kwetu sasa! Kimekunja sura, jicho moja halijafunguka vizuri, yani kipo hai kabisa. Nikamgeuzia mama aliyekaa pembeni, "mama, ile pale ni damu yangu."

Jaji, baba mmoja wa mambo ya misitu, akampa mtoto maiki. "Hongera mwanangu, hizo nywele umezipatia, kipunji ulimwona wapi?"

"Shikamoo. Sijawahi kumwona, nilikuwa namwangalia mjomba akiamka."

Mvua inapiga bati lakini kila mtu kasikia, sijui ilikuwaje. Jaji badala ya kupita anauliza "na mlio wake unaujua?" maana kipunji ana mlio wake fulani hivi kama honi, mtoto akasema mjomba akilala analia hivyo hivyo, akauigiza kwenye maiki, tena mara mbili. Yule mama wa pembeni akaniangalia utosini, akasogeza kiti.

Akashika nafasi ya tatu, akapewa madaftari na boksi la rangi. Wakaniita mbele nipige picha na mchoro, ningekataaje mbele ya watoto wote wale. Dada akaitupia kwenye grupu la familia hapo hapo, mama yetu kutoka kijijini akawa wa kwanza kujibu: "Mwanangu umependeza, ila mbona umetokea mara mbili?"