Kabla Mchanga Haujafika Juu

Mjomba wangu alichimba visima vya maji Msimbati, pwani ya Mtwara, kwa miaka mingi, akiwa na sururu fupi, kamba na pete za zege. Ardhi ya kule ni mchanga mtupu, hata gari likikosea njia kidogo linakwama. Kila alipomaliza kisima alimwaga kokoto chini kabisa, kisha akawaita wenye nyumba akawapa sharti moja: tekeni taratibu. Maji yakishuka upesi kuliko yanavyoingia, mchanga utayafuata, pete zitalala upande, na kisima kitakuwa kimekwisha. Wapo waliomsikia na wapo waliompuuza. Visima vya waliompuuza nimeviona, vingine vimebaki duara la zege lililojaa mchanga hadi mdomoni.

Baadaye nikaenda kusoma jiolojia. Siku mwalimu alipofundisha kwa nini visima vya gesi hutoa mchanga, nilimwona mjomba mbele yangu. Kanuni ni ileile. Tofauti ni kwamba kisima cha gesi kina kina cha kilomita moja, mbili au zaidi, na anayekosea huko hawezi kushuka na kamba kwenda kurekebisha.

Mwamba wenye gesi kwa kawaida ni jiwe la mchanga: punje zilizoshikamana kwa gundi ya asili, huku gesi ikikaa katika nafasi zilizo baina yake. Jiwe hilo limebeba uzito wa ardhi yote iliyo juu yake. Kwa kina cha mita 2,000 uzito huo hufika karibu megapaskali 45 (megapaskali ni kipimo cha mgandamizo). Halijaachiwa mzigo wote peke yake, kwa sababu gesi au maji yaliyomo ndani husukuma kutoka ndani na kulisaidia kuubeba. Shinikizo hilo likiwa megapaskali 20, punje zinabaki na mzigo wa 25 hivi. Karl Terzaghi ndiye aliyeeleza jambo hili katika miaka ya 1920 alipokuwa akichunguza udongo wa misingi ya majengo, na mpaka leo hesabu zote zinaanzia hapo.

Sasa toboa tundu katikati ya jiwe hilo. Mzigo uliokuwa ukipita pale unalazimika kuzunguka, unajikusanya kwenye kingo za tundu. Mjerumani aitwaye Kirsch alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1898: jiwe likibanwa kutoka upande mmoja tu, mgandamizo kwenye ukingo wa tundu hufika mara tatu ya ule wa mbali na tundu. Kisha tunafungua koki juu, shinikizo ndani ya kisima linashuka chini ya lile la mwamba, na tofauti hiyo ndiyo inayoivuta gesi itoke. Huo mvuto una kikomo chake. Ukipita pale ambapo ukingo wa tundu hauwezi tena kustahimili, punje zinaachia na kuondoka na gesi.

Jiomekaniki ni kazi ya kukitafuta kikomo hicho kabla hakijavukwa. Nguvu ya jiwe hupimwa kwa kipande kilichokatwa kutoka chini, kikakandamizwa maabara mpaka kipasuke. Zege la nguzo ya nyumba huwa na nguvu ya megapaskali 20 hadi 25. Yapo mawe ya mchanga yasiyofika 5, na mengine unayavunja kwa vidole. Kipo pia kipimo ninachokipenda zaidi: jiwe linachongwa kama bomba nene lenye tundu katikati, linabanwa kutoka nje, na mtu anasubiri kuona ni lini tundu linaporomoka. Ni kisima kidogo juu ya meza. Pale ambapo hakuna kipande cha jiwe, hutumika kasi ya sauti iliyopimwa ndani ya kisima, kwa sababu sauti hupita upesi katika jiwe gumu na polepole katika jiwe laini. Wahandisi wengi huanza kutia shaka kasi ikiwa chini ya takriban mita 3,000 kwa sekunde. Ila namba ya sauti isiyolinganishwa na jiwe lenyewe ni makisio tu, na nimeona watu wakiipamba kwa michoro ya rangi mpaka wakubwa wakaamini ni kipimo kamili.

Jambo linalonisukuma kuandika ni hili: kikomo hicho hakikai mahali pamoja.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kuipa Mtwara umeme karibu miaka 20 iliyopita, na bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, likianzia kwenye mtambo wa Madimba. Hapa sinyoshei kidole kisima chochote. Nasema tu kwamba hifadhi yoyote inayotoa gesi kwa miaka hupungukiwa na shinikizo. Rudi kwenye mfano wangu: shinikizo likishuka kutoka 20 hadi 10, uzito wa juu haujapungua hata kidogo, kwa hiyo punje zilizobeba 25 sasa zinabeba 35. Migandamizo ya pembeni nayo hubadilika, hivyo hesabu yenyewe ni ndefu kuliko kutoa na kujumlisha, lakini mwelekeo ni huo. Mvuto ambao kisima kiliuvumilia kikiwa kichanga unaweza kukibomoa kikiwa kimezeeka. Halafu mahitaji ya gesi nayo huwa yanaongezeka miaka hiyohiyo, na jibu rahisi ni kufungua koki zaidi.

Ongeza maji. Mtoto yeyote wa ufukweni anajua mchanga wenye unyevu kidogo unasimama ukijengea nyumba, na wimbi likifika nyumba inayeyuka. Ndivyo ilivyo kule chini. Unyevu kidogo huzishika punje zisiachane, na maji yakianza kuingia kwa wingi ushikaji ule unapotea. Kisima kilichokaa kimya miaka mingi kinaweza kuanza kutoa mchanga mwezi uleule maji yanapofika. Kufunga na kufungua kisima kwa ghafla nako huchosha mwamba.

Watu huniuliza, mchanga kidogo una ubaya gani? Gesi inakwenda kwa kasi kubwa na haina ulaini wa mafuta wa kupunguza makali ya punje, kwa hiyo kila punje inapiga kona ya bomba kama risasi ndogo. Kasi ikiongezeka mara mbili, kuliwa kwa chuma huongezeka mara tano au sita. Kona ya bomba ikitoboka kwenye kisima cha gesi, wanaoumia kwanza ni watu walio karibu, na visima vya gesi vya Msimbati viko jirani na minazi na nyumba za watu.

Kwa hiyo siafiki ule mtazamo wa "tukiuona mchanga tutashughulika". Kuna vifaa vya kusikiliza punje zikigonga bomba, na vifungwe, lakini huyo ni mlinzi anayepiga kelele mwizi akiwa tayari ndani. Vilevile siafiki kuweka machujio ya kuzuia mchanga kila kisima kwa woga. Chujio lina gharama, linapunguza mtiririko, na lisipohitajika ni fedha ya umma iliyozikwa ardhini. Ni hesabu peke yake inayoweza kukuambia kisima gani kiwekewe chujio, kipi kitobolewe kwenye tabaka gumu pekee, na kipi kiachwe kama kilivyo lakini kisivutwe kupita kiasi fulani.

Huku kusini niliwahi kuona gharama ya kukosa namba hiyo. Kijiji kimoja kilichimbiwa kisima kirefu cha maji, mkandarasi akafunga pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima kwa sababu watu walitaka tangi lijae upesi. Siku ya uzinduzi tulipiga vigelegele, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Maji yalitoka na vumbi la mchanga tangu mwanzo, tukaambiwa yatasafika. Baada ya miezi michache pampu ilikuwa imetafunwa, na akina mama walirudi na ndoo zao kwenye dimbwi la zamani. Hakuna aliyekuwa ameandika popote kisima kile kinaweza kuvutwa kiasi gani.

Kwa gesi nataka namba hiyo iandikwe. Sheria ya Petroli ya 2015 ilitupa mamlaka ya kusimamia mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, iitwayo PURA, na TPDC, shirika la taifa la mafuta, ni mbia katika uzalishaji. Kila ombi la kuongeza uzalishaji lije na hesabu ya mvuto salama kwa shinikizo la mwaka huu, na si la mwaka kisima kilipochimbwa. Vipande vya mwamba wa visima vyetu vipimwe na vijana wetu waliosoma Dar es Salaam na Dodoma, wakikosea wasahihishwe, mpaka wawepo watu hapa Mtwara wanaoweza kuikagua ripoti ya mgeni mstari kwa mstari na kusema ukurasa huu hauendani na jiwe.

Mwaka jana nilimweleza mjomba haya yote, tumekaa nje ya nyumba yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa akisema, "Mpwa wangu, mimi kila kisima nilikuwa nashuka mwenyewe kukiangalia baada ya kiangazi. Hao wa kwenu wanashuka lini?" Nikamwambia hawashuki, wanapiga hesabu. Akaniuliza ni mara ngapi kwa mwaka.