Kupima presha Lamu: nani huja, nani hupita

Kambi ya kupima presha na sukari bure ikifanyika Lamu, jioni hutangazwa idadi ya waliopimwa. Ni nani hao, hilo halitangazwi.

Itazame foleni yenyewe. Wengi ni kina mama wa makamo na wazee wa mjini, na baadhi wameshika daftari la kliniki: presha yao wanaijua, wamekuja kuona kama imeshuka. Mvuvi wa miaka arobaini na kitu anapita na boksi la barafu begani, hasimami. Ana samaki wa kuuza kabla jua halijawawahi.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta takriban robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na asilimia 56 hawajawahi kupimwa hata mara moja, wanaume wakiwa wengi zaidi. Mwanamke hupimwa kila aendapo kliniki ya wajawazito. Mwanamume hospitali huijua siku ya ajali, na presha nayo haiumi. (Punda wa Lamu wana zahanati yao ya bure tangu miaka ya 1980, na wenyewe huwapeleka, kwa kuwa punda akichechemea riziki imesimama.)

Wapo wasemao asiyekuja aachwe, nao wana hoja. Denmark, wanaume wa miaka 65 hadi 74 walialikwa kupimwa moyo na mishipa. Matokeo ya 2022 yalionyesha kuwa baada ya miaka mitano na ushei, vifo havikupungua kiasi cha kuthibitika, na zaidi ya thuluthi ya walioalikwa hawakwenda. Ila Denmark hata asiyealikwa ana daktari wake anayempima. Huku Faza au Kiunga, mbali na mji wa Lamu, asiyekuja hana kitu, kwa hiyo hoja hiyo hainitoshi.

Inayonisumbua ni nyingine. Ili presha isomeke sawasawa, mtu atulie kama dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kambini mtu katoka juani na barazani, anapiga soga na mwenzake huku mkanda unajaa upepo. Mashine inasoma 150 kwa 95, anaambiwa ana presha, anakwenda zake. Kipimo kimoja hakitoshi; apimwe tena siku nyingine. Na nani, ikiwa kambi imeshafungasha? Akiambiwa aende hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu, nauli ya boti ni yake. Zahanati ya kwao ikiwa haina dawa, amebaki na wasiwasi tu. Mvuvi anayepita huenda ameshapiga hesabu hiyo.

Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye mashine za presha. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa kuwa mhudumu huyo ni jirani, anaweza kurudi wiki ijayo. Tatizo, akibisha hodi mchana humkuta tena mama. Mashine hiyo ifike wanaposhushia samaki, na barazani baada ya swala ya alasiri, kabla dele la kahawa halijaanza kuzunguka.

Hapo watapimwa wachache kuliko mjini, na wafadhili hupenda tarakimu nene. Mimi ningetaka mbili tu: wangapi walikuwa hawajawahi kupimwa, na wangapi walipimwa tena baada ya mwezi.