Impeach: kushtaki au kung'oa?

Desemba 1998 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura ya kumfanyia Bill Clinton kile kinachoitwa kwa Kiingereza impeach, naye akaendelea kukalia kiti chake mpaka muhula ulipokwisha Januari 2001. Mpaka leo wapo wanaouliza alibakije. Wamelichukua neno hilo kuwa ni kumng'oa mtu madarakani.

Asili yake haiwaungi mkono. Kitenzi hicho kilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini impedicare, yaani kumfunga mtu pingu za miguu. Aliyefungwa miguu amezuiwa, hajafukuzwa. Hata mahakamani, wakili wa Kimarekani hulitumia kwa shahidi: anamsomea maelezo aliyoandikisha zamani, yanayogongana na anayoyasema leo kizimbani. Shahidi anabaki palepale. Kinachotikiswa ni ushahidi wake. Na Bunge la Uingereza lilipoanza kuitumia silaha hiyo mwaka 1376, dhidi ya Lord William Latimer, wawakilishi wa watu wa kawaida ndio walioshtaki, mabwana wenye vyeo (Lords) wakahukumu. Katiba ya Marekani ilirithi mgawanyo huo: Baraza hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura, Seneti huhukumu kwa theluthi mbili.

Hata hivyo, sioni haki kuwacheka wanaosema ni kung'oa. Katiba hiyohiyo inataka atakayepatikana na hatia aondoke, kwa hiyo kung'olewa ndiko shabaha ya safari nzima. Richard Nixon hakungoja hata kura ya Baraza. Alijiuzulu Agosti 1974, kamati ya Baraza ikiwa imeshapitisha mashtaka.

Lakini kati ya kushtaki na kung'oa pana pengo kubwa, na ukilifuta kwa ulimi unapotosha historia. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson aliponea kura moja: 35 zilimtia hatiani, zilihitajika 36. Mwaka 2021 maseneta 57 kati ya 100 walimwona Donald Trump ana hatia, na bado aliachiwa. Ukisema "alishinda" umesema kweli kisheria, ingawa wengi walikuwa upande wa pili. Mimi nabaki na kushtaki. Seneti haijawahi kumwondoa rais hata mmoja; wote wanane iliowatia hatiani ni majaji, watu ambao kesi zao hazina wapiga kura nyuma yake.